Historia ya Marekani ilipita Morogoro: mpeleke mwanao akaisome

Siku hizi safari ya Dar es Salaam hadi Morogoro ni ya kumaliza pakiti moja ya karanga. Treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kwenye kipande hicho Juni 2024, inakushusha Moro kabla mtoto hajauliza kwa mara ya tatu kama mmefika. Milima ya Uluguru inaanza kama wingu la bluu upande wa kushoto, wingu linakuwa zito, na mara unaona mashamba na mapaa ya bati yaliyong'ang'ania miteremko. Wenyeji wanauita mji wao "mji kasoro bahari", na ukifika sokoni ukaona karoti, kabichi, ndizi na stroberi zilizoshushwa kutoka juu, huwezi kuwabishia.

Mwandishi wa habari mmoja, Henry Morton Stanley, aliondoka Bagamoyo Machi 1871 na ilimchukua wiki kadhaa za tope, homa na punda waliokufa kufika chini ya milima hii hii. Alikuwa ametumwa na gazeti la New York Herald kumtafuta David Livingstone, na msafara wake ulitangulizwa na bendera ya Marekani. Aliyoyaona hapa aliyaandika. Kitabu chake cha mwaka 1872, How I Found Livingstone, kinapatikana bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya Project Gutenberg, na kurasa za Herald la miaka ile zimepigwa picha na kuwekwa kwenye hazina ya magazeti ya zamani ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Vyote vinafunguka kwenye simu hiyo uliyoishika.

Ndicho kilichonipeleka Moro wikiendi moja ya likizo na watoto wawili, mmoja wa darasa la sita na dada yake wa kidato cha kwanza. Huyu mkubwa anajua kutaja vyanzo vya historia bila kukosea: masimulizi, maandishi, akiolojia, makumbusho. Anajua faida na hasara za kila kimoja, zote kwa namba, kama zilivyo kwenye daftari. Ila alikuwa hajawahi kukishika hata kimoja. Wazazi wenzangu mtanielewa.

Wenzetu Marekani wana njia moja ambayo naipenda. Makumbusho na maktaba zao kubwa hufundisha watoto walio mbali kwa video. Mwalimu wa makumbusho anakaa mbele ya kamera, darasa liko jimbo jingine kabisa, na katikati yao kinawekwa kitu kimoja: barua ya askari, tangazo la mnada, picha, ukurasa wa sensa. Mwalimu haanzi kwa kuhadithia. Anauliza: unaona nini hapa? Kinakufanya ufikirie nini? Unabaki na swali gani? Maktaba ya Bunge la Marekani imeweka karatasi ya mazoezi yenye hatua hizo tatu, kuangalia, kutafakari na kuuliza. Idara ya Nyaraka za Taifa ya huko ina tovuti ya walimu iitwayo DocsTeach, na Smithsonian ina Learning Lab. Huhitaji kulipa kuzitumia.

Kujiunga na darasa lenyewe la video ni jambo jingine. Ratiba zao zimepangwa kwa saa zao: kipindi cha saa nne asubuhi Washington kwetu ni saa kumi na moja au kumi na mbili jioni, kutegemea msimu. Kama shule ya mwanao ina projekta na mwalimu mwenye moyo, mwambie awaandikie barua pepe awaulize kama wanapokea darasa la nje ya nchi. Familia yenye simu moja na bando la wiki haihitaji kusubiri jibu. Nyaraka zipo, maswali yapo, na sehemu moja ya historia ya Marekani inayofundishwa kwa nyaraka hizo ilipita miguu mitupu hapa Morogoro.

Tulianza na mji wa Simbamwene. Kabla reli ya Wajerumani haijafika Morogoro mwaka 1907, kabla ya boma lao, palikuwa na mji wenye ukuta kando ya mto, chini ya milima. Ulijengwa na Kisabengo, kiongozi wa Kizigua, na alipofariki ukabaki mikononi mwa binti yake. Stanley aliupita akaueleza kwa mshangao: minara ya mawe kwenye pembe, malango manne, milango ya mbao ngumu iliyochongwa nakshi kama ya Waarabu, nyumba karibu 1,000. Watu alikisia kuwa 3,000, halafu akasema pengine hata 5,000.

Nilimpa kila mtoto aya moja tu, kwa sababu Kiingereza cha 1872 ni kigumu na tafsiri ya kwenye simu inakiharibu zaidi. Zoezi la kwanza lilikuwa kutafuta majina. Ungerengeri ni mto gani? Uruguru je? Mdogo alipogundua kuwa Ungerengeri ni Ngerengere, ule tuliouona kwenye kibao, alicheka kama mtu aliyemkuta jirani yake kwenye televisheni. Halafu yakaja maswali yenyewe. Stanley anamwita Kisabengo mtekaji na mnyang'anyi. Alimwona? Hapana, alikuwa ameshakufa. Nani alimwambia? Watu wa misafara, ambao Kisabengo alikuwa akiwatoza. Basi hapo tulikaa kidogo.

Kisha tukafika kwa huyo binti, ambaye Stanley anamwita Sultana. Aliwatuma wajumbe kudai ushuru wa kupita. Stanley akakataa, akisema mtu wake aliyetangulia alishalipa, na baadaye askari wake walipokamatwa mjini aliliona hilo kuwa uonevu mtupu. Ushuru huo, katika maandishi ya misafara, unaitwa hongo. Binti yangu alisimama kwenye neno hilo. Kwa maana ya leo mtawala yule alikuwa anaomba rushwa, na kwa maana ya siku zile alikuwa anakusanya mapato kama geti la halmashauri linavyotoza lori la mkaa. Ni neno lile lile, limebadilika likiwa midomoni mwetu. Sikuwa nimepanga somo hilo, na mwalimu wa makumbusho aliye Washington asingeliona hata angetaka.

Usitafute ukuta huo leo. Stanley mwenyewe aliporudi mwaka 1872, baada ya kimbunga kikubwa cha Aprili kilichopiga Unguja na pwani, alikuta mto umefagia ukuta wa mbele wa mji pamoja na nyumba kama 50. Nilipowaambia watoto kwamba mafuriko ya Morogoro si jambo la jana, mkubwa aliandika tarehe hiyo bila kuambiwa.

Sasa njoo kwenye kitambaa. Mzigo mkubwa wa msafara wa Stanley ulikuwa nguo na shanga, kwa kuwa ndizo zilizokuwa fedha za njiani. Ukitaka chakula, unapima nguo. Ukitozwa hongo, unapima nguo. Kipimo kilikuwa doti, hiyo hiyo doti unayoitaja ukinunua khanga, na nguo iliyokuwa ikitafutwa sana iliitwa merikani, kitambaa kizito cha pamba kisichopaushwa. Jina linajieleza. Kilitoka viwanda vya Massachusetts, kikaletwa na meli za wafanyabiashara wa mji wa Salem. Marekani ilitia saini mkataba wa biashara na Sultani Said mwaka 1833 na kuweka konseli wake Unguja mwaka 1837. Mwaka 1840 meli ya Sultani, iliyoitwa Sultana, ilifika mpaka New York ikiongozwa na mjumbe wake Ahmad bin Na'aman. Huko alichorwa picha na msanii Edward Mooney. Itafute mtandaoni kwa jina la mjumbe huyo, muwekee mtoto wako mbele bila maelezo yoyote, umuulize anaona nini. Watoto wangu walianza na kilemba na jambia. Ilichukua muda kabla mmoja hajasema kwamba mzee huyu anaonekana hana wasiwasi wowote.

Ila pamba ya merikani ililimwa na nani? Hapa ndipo historia ya Marekani inapokoma kuwa ya kwao peke yao. Pamba ilitoka mashamba ya majimbo ya kusini, na waliolima na kuichuma ni watumwa wenye asili ya Afrika. Sensa ya mwaka 1860 iliwahesabu karibu milioni 4. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1861 pamba ikaadimika, merikani ikapungua Unguja, na nguo za Uingereza na India zikapata nafasi. Kwa maneno mengine, vita vilivyopiganwa Virginia vilibadilisha kilichobebwa kichwani na mpagazi aliyepita Morogoro. Mizigo ya kurudi pwani ilikuwa na meno ya tembo, na mengi yaliishia Connecticut, kwenye miji ya Deep River na Ivoryton, yakachongwa kuwa vidole vya piano za sebuleni.

Maktaba ya Bunge la Marekani ina mkusanyo wa masimulizi zaidi ya 2,300 ya watu waliokuwa watumwa, yaliyokusanywa kati ya 1936 na 1938 walipokuwa wazee sana, pamoja na picha zao kama 500. Wapo wanaosimulia utoto wao katika mashamba hayo hayo ya pamba. Soma kwanza wewe mzazi. Kuna mambo ya kutisha na maneno ya matusi, na si kila simulizi ni la mtoto wa miaka 10. Mimi nilichagua moja fupi, nikalitafsiri kwa sauti usiku, taa zikiwa zimezimwa na feni ikilalamika.

Kesho yake asubuhi tukarudi kwa Stanley, ukurasa ambao nilikuwa nimeupita makusudi. Njiani, kabla ya kufika Simbamwene, alikutana na msafara wa watumwa waliofungwa minyororo wakielekea pwani. Ilikuwa 1871. Marekani ilikuwa imeshapiga marufuku utumwa kwa katiba tangu Desemba 1865, na soko la watumwa la Unguja lilikuwa bado halijafungwa, kwani lilifungwa Juni 1873. Stanley aliwatazama wakipita, akaandika kwamba hawakuonekana kuwa na huzuni, tena walionekana wachangamfu kiasi.

Binti yangu aliuliza swali moja: "Aliwauliza?"

Hakuwauliza. Na ni vizuri mtoto ajue Stanley alikuwa nani alipoandika hivyo: kijana mzaliwa wa Wales aliyeishi New Orleans, mji wenye masoko makubwa ya watumwa, na aliyeanza vita akiwa upande wa majimbo ya kusini. Alikuwa mwandishi hodari. Alihesabu malango, akapima mji, akaandika bei ya doti. Macho yake tunaweza kuyatumia kwa malango. Kwa watu wale wa kwenye minyororo, hapana. Hata masimulizi ya Marekani yana kasoro hiyo kwa namna yake, maana wengi waliohoji wazee wale walikuwa Wazungu, na mzee mweusi wa kusini mwaka 1937 alijua la kumwambia Mzungu na la kumeza. Lakini angalau aliulizwa.

Nimewahi kusikia mzazi akisema haya yote ni kumlisha mtoto historia ya kizungu. Hoja hiyo naiheshimu. Shule zetu sasa zina somo la Historia ya Tanzania na Maadili, kwa Kiswahili, na ni jambo jema. Linaloniumiza ni kwamba kupata maandishi ya zamani kuhusu Morogoro ni rahisi zaidi kupitia Washington kuliko ukiwa umesimama Morogoro. Nyaraka za enzi ya Wajerumani na Waingereza zipo Dar es Salaam, kwenye Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, na ni hazina kubwa, lakini mtoto wa darasa la sita hawezi kuzifungua kwenye simu ya mama yake. Mpaka siku hiyo ifike, nitatumia kilichopo, na nitamfundisha kukihoji.

Siku ya pili tulipanda kuelekea Morningside, lile jengo la Wajerumani lililo juu ya mji. Ni mwendo wa saa kadhaa kwa miguu ya watoto, vijito vinakatiza njia, akina mama wanashuka na matenga ya mboga kwa kasi inayokutia aibu. Kutoka huko unauona mji wote umelala. Ukigeuka nyuma, unaona mashamba yamepanda miteremko ambayo mbuzi angefikiria mara mbili.

Miteremko hii ina historia ya miaka ya 1950. Serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo wa Uluguru kuanzia mwaka 1950, na sehemu kubwa yake ilikuwa kuwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi. Nia ilionekana njema kwenye karatasi. Juu mlimani kazi ilikuwa kubwa, udongo wa rutuba ulifukiwa na ule wa chini, usio na nguvu, ukatokeza juu, na watu wakahofia kupoteza ardhi yao, ambayo kwa Waluguru hufuata ukoo wa upande wa mama. Julai 1955 ghasia zilizuka Matombo, mtu mmoja akauawa, na mpango ukafa. Kitabu kinachoeleza mkasa huo kiliandikwa na Mmarekani Roland Young pamoja na Mwingereza Henry Fosbrooke, kikatoka mwaka 1960. Toleo la Marekani linaitwa Smoke in the Hills. Yaani hata ugomvi wetu wa jembe umehifadhiwa huko.

Nyumba tuliyofikia ina bibi mzaliwa wa Matombo. Watoto walimpa shikamoo, wakakaa miguuni pake na daftari, wakamuuliza kuhusu matuta. Mkubwa alikuwa ameshasoma muhtasari wangu: sheria, upinzani, ghasia, mwisho. Bibi hakuanza na sheria. Alikuwa binti mdogo wakati huo, na anachokumbuka ni rangi ya udongo, kwamba shamba la mjomba wake liligeuka jekundu na mahindi yakatoka mafupi, na kwamba wanawake walibeba maji na chakula kupandisha kwa wachimbaji, kazi ambayo hakuna aliyeihesabu. Halafu akasema jambo lililomchanganya binti yangu: kwamba baadhi ya matuta yalikuwa mazuri, na kuna watu walioyaacha yakakaa. Miaka ya karibuni miradi ya kulinda maji ya Mto Ruvu, yale tunayokunywa Dar, iliwarudia wakulima wa Uluguru na matuta tena, safari hii kwa kuwalipa. "Sasa bibi alikuwa anayapenda au anayachukia?" aliniuliza binti yangu baadaye. Nikamwambia akamuulize mwenyewe. Akaenda, akarudi na ukurasa mzima, juu ameandika tarehe, mahali, na jina la bibi kama alivyolitamka mwenyewe.

Kwa anayetaka kujaribu: pakua kurasa unazohitaji ukiwa bado na intaneti nzuri, kwa sababu mlimani mtandao unakuja na kuondoka. Chagua aya tatu au nne, si kitabu. Kwa Stanley, soma sura za Bagamoyo hadi Simbamwene na uruke anapowatukana wapagazi wake, au usiruke, kama mtoto ni mkubwa na una muda wa kuzungumza naye. Beba doti ya khanga uioneshe kipimo. Chukua mwenyeji wa kuwaongoza kupanda Morningside, mkubaliane malipo kabla ya kuondoka, na uulize kuhusu vibali vya kuingia msitu wa hifadhi kama mnataka kupita juu zaidi. Asubuhi kuna baridi. Machi hadi Mei njia inateleza sana, hivyo kwa watoto wadogo Juni hadi Septemba ni salama zaidi, na likizo ya katikati ya mwaka inaangukia humo.